Mkalishaji wa Saa Nne

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kukalisha watu lilikuwa kumweka mwanamume mmoja uso kwa uso na mama mkwe wake. Ilikuwa siku ya mnada, mgahawa umejaa mpaka watu wanakunywa chai wakiwa wamesimama mlangoni, na mzee mwenye kazi ile alikuwa ametoka nyuma kidogo. Kwenye meza ya dirishani mwanamume mmoja alikuwa ameinamia bakuli la supu, na mbele yake palikuwa na nafasi. Nikamwita mama aliyesimama na kikapu, nikamwambia karibu hapa mama, nafasi ipo. Mwanamume akainua kichwa akiwa na mfupa mkononi. Mama akajifunika kitenge mpaka usoni, akageukia ukutani. Yule mwanamume aliinuka kwa nguvu, benchi likainama upande wa pili likawamwaga watu wawili waliokuwa wamekaa mwishoni, na kabla sijaelewa kitu alikuwa ameshatokea mlango wa jikoni. Mama naye akatoka kwa mlango wa mbele. Supu ikabaki mezani inafuka mvuke.

Mzee aliporudi alitukuta tunainua benchi. Mgahawa mzima ulikuwa unacheka. Yeye hakucheka.

"Nani amewaweka hawa?"

"Mimi, mzee."

"Uliwaangalia?"

"Niliangalia nafasi."

"Ndiyo hivyo," alisema, akachukua bakuli la supu akampelekea yule mwanamume nyuma ya jiko, amalizie akiwa amesimama.

Kwa asiyetoka huku, nieleze. Katika familia nyingi za Mpanda, hasa zile zilizokuja na ng'ombe kutoka kaskazini, mwanamume hatafuni mbele ya mama wa mke wake. Akikutana naye njiani anampisha, hata ikibidi kuingia kwenye majani. Mila hiyo naijua tangu utotoni. Lakini asubuhi ile niliona benchi lenye pengo, na mimi pengo likiwa mbele yangu hata kula nashindwa.

Mzee huyo tulimwita Mkalishaji, wengine nyuma yake na wengine mbele yake, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Alikozaliwa sikujui, ukoo wake siujui, na sikuwahi kuuliza. Nilimjua kwa asubuhi zake tu. Wapo waliosema alikuwa kondakta wa treni ya Tabora enzi zake. Wapo waliosema alikuwa askari magereza. Mama mmoja muuza nyanya aliapa kwamba alikuwa anapanga waumini kanisani huko Kabungu mpaka akagombana na katekista. Akiulizwa mwenyewe alijibu, "Nilikuwa nipo." Mgahawani hakuajiriwa na mtu. Siku moja alimsogeza mteja ili mwingine apate kukaa, mwenye mgahawa akamletea chai, na kesho yake akarudi.

Hakuwa na mahali pengine. Mkewe alishafariki, watoto wametawanyika, na nyumba yake ya Kawajense alikuwa amepangisha vyumba vyote isipokuwa kimoja. Macho yalipoanza kumwishia, sisi tuliomzoea tulielewa hatari iko wapi: siku moja ataambiwa inatosha, na atabaki na kile chumba. Hakuna aliyenituma, lakini nilijipa kazi ya kuizuia siku hiyo isifike. Ninayoyaandika hapa ni hayo, pamoja na jinsi alivyokuwa.

Mgahawa uko mtaa wa nyuma ya soko, si mbali na stendi. Hauna kibao. Alfajiri unauza chai kwa wapita njia na mchana unauza wali, lakini heshima yake iko saa nne. Saa nne ndipo watu wa Mpanda wanapokula kweli. Aliyeamka gizani kwenda kupalilia amerudi, mwenye duka amefungua na kumwachia mtu, bodaboda wameshapeleka watoto shule, gari la Majimoto limeshusha watu na magunia yao ya mchele, na wauza dagaa wa Ikola wamepumua baada ya wateja wa kwanza. Mlo huo sijui niuite nini. Chai tu siyo, kwa sababu kuna supu, mihogo, chapati, na wengine wanaagiza wali maharage kabisa. Chakula cha mchana siyo, kwa sababu mchana watakula tena. Wanakuja wote kwa pamoja, wote wana haraka, na mabenchi ni yale yale.

Mimi niliingia pale kama mteja. Nilikuwa nakaa kona ya ndani nikitazama ukuta, kwa sababu mtu akinitazama ninavyokula nahisi nakosea hata kutafuna. Salamu nilikuwa nazifanyia mazoezi njiani. Nikifika mlangoni nasahau nani ni wa shikamoo na nani ni wa mambo vipi, basi nasalimia meza. Mkalishaji aliniacha kwenye kona ile kwa muda mrefu, kisha asubuhi moja akanishika bega.

"Kijana, wewe na huu ukuta mna kesi gani?"

"Hamna kesi, mzee. Nimezoea tu."

"Basi upumzishe. Njoo huku."

Akaniweka katikati ya mafundi pikipiki wawili waliokuwa wakibishana kuhusu injini ya mtu. Walibishana juu ya kichwa changu, mmoja akachovya chapati kwenye mchuzi wangu bila kutambua, na hakuna aliyeniuliza jina. Nilimaliza kula bila kujua kama nimekula. Baadaye nilikuja kuona kwamba alifanya kusudi. Mtu mwoga alimweka kati ya wabishi, kwa kuwa wabishi hawana nafasi ya kumwangalia mtu.

Kahawa ilikuja baada ya hapo. Nilijifunza kuichoma kwa kuangalia video kwenye simu, kwenye kikaango kikuukuu cha chapati, na buni nilikuwa naletewa na dereva wa basi la Kigoma. Mgahawa ulikuwa na kahawa ya kopo peke yake. Mwenye mgahawa, mama mmoja wa Kifipa mwenye sauti ndogo na maamuzi makubwa, alionja ya kwangu, akaonja tena, akanipa ile kona yangu ya ukutani niweke jiko la mkaa. Watu wakaanza kuniita Kahawa, na jina la nyumbani likafia hapo. Nilikuwa napima maji kwa chupa ya dawa ya kikohozi. Kikaango ambacho punje zake hazikulingana rangi nilikimwaga chote nyuma, kwenye migomba. Siku moja Mkalishaji alinikuta namwaga.

"Hiyo imefanya nini?"

"Imeungua upande mmoja."

Akaokota punje moja iliyoungua akaitafuna, akaokota nyingine nzima akaitafuna pia. "Zote chungu," alisema. "Unazionea."

Kahawa yangu aliisifia kwa kila mgeni. "Kaa hapa, utaletewa kahawa ya kijana wetu, hata Dar hawana." Yeye mwenyewe hakuinywa hata kikombe. Alikuwa mtu wa chai ya maziwa yenye sukari inayoweza kusimamisha kijiko, na nilipomuuliza sababu alisema kahawa inamwamshia mawazo ambayo ameshayalaza.

Namna yake ya kukalisha watu ilikuwa na mantiki ambayo hakuwahi kuieleza, ilibidi uikusanye mwenyewe. Mwenye haraka alimweka mlangoni. Mwenye maneno mengi alimweka karibu na kapu la mihogo, ili mdomo uwe na shughuli. Aliyefiwa alimweka jirani na jiko, akilia ionekane ni moshi. Watumishi wa ofisi wenye vitambulisho shingoni aliwagawa mmoja mmoja katikati ya akina mama wa sokoni, hakuwaruhusu kujazana meza moja, na walipolalamika aliwaambia, "Nyie si mnatumikia wananchi? Hawa hapa." Wachumba hakuwaweka pamoja kabisa. Aliamini mtu anamjua vizuri mchumba wake akimwona kwa mbali anavyokula na watu asiowajua.

Iko habari moja ambayo naisimulia kila nikiulizwa juu yake. Mkulima mmoja wa Kabungu alikuwa na ugomvi na mfugaji mmoja wa Kisukuma, ng'ombe wameingia kwenye mahindi, na asubuhi hiyo wote wawili walikuwa wameitwa kwenye baraza la kata. Wakafika mgahawani karibu kwa pamoja. Sote tulisubiri. Mkalishaji alimchukua mfugaji akamweka meza ya tatu, akamchukua mkulima akamweka meza ya pili, kwenye mabenchi yanayopeana mgongo. Migongo yao ilikuwa karibu kugusana, lakini kila mmoja alikuwa anatazama watu wengine.

Mkulima akaanza kuwaeleza wa meza yake kwa sauti. "Yaani mtu unalima kwa jembe la mkono, miezi yote hiyo, halafu mtu analala na mifugo inajichungia yenyewe!"

Mfugaji naye akawaambia wa meza yake, "Mimi mtoto wangu alikuwa na homa. Usiku kucha tuko zahanati. Sasa ng'ombe atajua shamba la nani ni la nani?"

"Angalau mtu angekuja kusema pole," mkulima akaiambia chapati yake.

"Mtu alikuja. Akafukuzwa na mbwa."

Watu wa meza zote mbili waliacha kutafuna.

"Huyo mbwa ni wa jirani," mkulima alisema, bado hajageuka. "Mimi sina mbwa."

"Basi mtu alikosea nyumba," mfugaji akasema.

Mama muuza nyanya akashindwa kujizuia, akapasuka kicheko, na kicheko kikaenda meza hadi meza. Hawakupatana pale. Walikwenda barazani kama walivyoitwa, na nasikia fidia ililipwa. Lakini walitoka mgahawani kwa mlango mmoja, na mfugaji alimsubiri mwenzake avae kandambili.

Nisimfanye malaika. Mkalishaji alikuwa mwongo wa kila siku. Chapati zikiwa hazijakandwa yeye anasema zinageuzwa. Alikuwa na kofia ya kijivu aliyoipenda kuliko watu, aliitundika kwenye msumari wake na ole wako utundike ya kwako. Alicheza drafti vibaya na akishindwa alimhamishia mshindi meza yenye mguu mbovu. Na alikosea pia. Aliwahi kuwakalisha pamoja akina mama wawili waliofanana akiamini ni mtu na mdogo wake, kumbe walikuwa wake wa mwanamume mmoja ambao hawakuwa wanajuana. Walijuana. Yule mwanamume tulimsikia kwa muda mrefu kwamba yuko Ikola anatafuta maisha.

Alikuwa mkali kwa vijana huku akiwapendelea kwa siri. Bodaboda aliwafokea kutwa: "Nyie mnakula kama mnakimbizwa, huo mfupa haukimbii!" Lakini benchi la nje lenye kivuli aliwatunzia wao, na mtu mzima mwenye suti angeweza kusimama juani hadi akome huku benchi lile likisubiri pikipiki zirudi. Alichukia umbea na alijua kila kitu. Aliwaambia watu wasizungumze wakiwa na chakula mdomoni, na yeye ndiye aliyekuwa na chapati shavuni wakati akisema.

Macho yalianza kumwishia taratibu. Kwanza alianza kuwasubiri watu wasalimie ndipo awaite kwa majina. Kisha akaanza kushika bega la kila anayeingia, akilipapasa kidogo, na watu wakadhani ni upendo wa uzeeni. Mimi nilikuwa natazama kutoka kwenye jiko langu. Kazi yangu ni kutazama rangi ya punje, na nilitambua kwamba mzee haoni rangi. Siku moja alimkalisha mtu juu ya trei la mayai. Tulicheka, mwenye mayai pia alicheka kwa shida. Lakini wiki chache baadaye alirudi nyuma bila kuangalia akamgonga dada anayepeleka supu, na supu ikamwagika mkononi mwa yule dada. Ngozi ilibabuka. Alipelekwa hospitali na mkono ukapona, ila asubuhi ile hakuna aliyemaliza chakula chake.

Jioni nikiwa nasugua vikaango, mwenye mgahawa alikuja kwenye kona yangu.

"Kahawa, unamwona mzee wako?"

"Namwona, mama."

"Yeye ndiye haoni. Akimuunguza mteja je? Akimuunguza mtoto wa mtu?"

"Nitamsaidia."

"Utamsaidiaje, wewe mwenyewe ukisalimiwa unaangalia sufuria?"

Niliendelea kusugua kikaango. Usiku nikiwa nimelala nilipata jibu, na lilinitia hofu kiasi kwamba nilianza kulitafutia kasoro. Jiko langu liko mahali ambapo namwona kila anayeingia kabla hajafika kwa mzee. Ingetosha nimsalimie mtu huyo kwa sauti, kwa jina lake au kwa anakotoka, Mkalishaji akasikia. Na wapeleka supu ningewatangaza pia. Hakuna ambaye angejua kwamba ni msaada. Wangedhani Kahawa ameanza uchangamfu.

Kesho yake nilianza. Sauti ya kwanza ilitoka kama ya mtu anayesongwa na mwiba. "Shikamoo mama wa Kabungu!" Mama wa Kabungu alishtuka akashika kifua. Mkalishaji aligeuza sikio, kisha akasema, "Mama, njoo huku ndani, mlangoni kuna upepo." Nikaona inawezekana.

Nililazimika kuwajua watu. Nisingeweza kutangaza mtu nisiyemjua, basi nikawa nauliza. Nikiwapelekea kahawa nauliza umetoka wapi, umekuja kwa shughuli gani, mtoto anaendeleaje. Usiku nilikuwa nayarudia majina kama mtu anayesomea mtihani, na nikikosea jina la mtu sikulala. Wasukuma niliwasalimia mwangaluka nao wakaniitikia kwa furaha hata kama matamshi yangu yalikuwa ya aibu. "Fundi, leo umeleta na mdogo wako!" "Baba wa Majimoto, hizo gunia zimebaki nje?" "Supu inapita kulia, supu!" Bodaboda walinitania kwamba nimekuwa redio. Mmoja akawa ananiigiza, akiingia anajitangaza mwenyewe: "Huyu hapa, mtanashati wa Makanyagio, hajaoa, anakunywa kahawa bila kulipa!"

Mkalishaji hakusema lolote kuhusu jambo hilo. Alikalisha watu kama zamani, hakuna supu iliyomwagika tena, na akawa hawapapasi watu mabega. Nilifurahi kwa kipimo changu, yaani nilikuwa na wasiwasi juu ya mambo mengine. Kilimo kikaisha, mavuno yakaanza, watu wakaongezeka, na mzee akaendelea kutundika kofia yake kwenye msumari kila asubuhi.

Kitu ambacho sikukiona ni kwamba watu walianza kunitazama mimi. Mtu akiingia, kabla ya kumfikia Mkalishaji, ananiangalia kule jikoni niinue kidevu kuelekea meza fulani. Nilikuwa nainua. Sikumbuki nilianza lini. Nakumbuka tu kwamba asubuhi moja mgahawa ulijaa na kupungua na kujaa tena, na yeye alikuwa amesimama katikati, mikono nyuma, na hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

Mwenye mgahawa aliona pia. Akaniita stoo, chumba chenye kuta za mabanzi ya mbao kilichoshikana na ukumbi.

"Mwanangu, wewe sasa unawajua wote. Shika kazi."

"Hapana, mama. Kazi ni ya mzee."

"Mzee hafukuzwi. Atakaa, atakula, ni nyumbani kwake."

"Hapana, mama. Mimi siwezi."

"Unaweza. Unaifanya."

"Naifanya kwa ajili yake tu."

"Fikiria."

"Nitafikiria, lakini hapana."

Kesho yake Mkalishaji alifika mapema, mabenchi yakiwa bado yamegeuzwa juu ya meza. Alimwambia mwenye mgahawa kwamba binti yake wa Majimoto anamhitaji, anakwenda kukaa huko. Akapapasa ukuta mpaka akaupata msumari, akachukua kofia. Mimi nilikuwa nawasha mkaa. Nilisimama, nikatafuta neno zuri la kumwambia, na kama kawaida yangu nilitaka liwe zuri sana, kwa hiyo halikuja.

Alisimama mlangoni akasema, "Yule mama wa Kabungu usimweke kwenye upepo. Ana kifua." Kisha akatoka.

Saa nne ilipofika watu waliingia wakaniangalia, na nikawakalisha. Mwenye mgahawa alimtafuta mtu wa kunisaidia jikoni. Wateja waliponiuliza mzee yuko wapi niliwaambia amepumzika, umri umekwenda, macho yanamsumbua. Nilidhani ni jibu la heshima.

Nilimwona tena mwaka huu, kwenye kliniki ya macho ya hospitali, nilipompeleka mama yangu. Alikuwa amekaa benchi la ukutani na kofia ile kwenye magoti. Alikuwa amekonda. Nilikaa pembeni yake nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Nani huyo?"

"Kahawa, mzee."

"Kahawa." Alinigeuzia uso. "Sauti imekuwa nene. Mgahawa upo?"

"Upo."

"Unawakalisha?"

"Nawakalisha."

"Mafundi bado wanabishana?"

"Mmoja amehamia Sumbawanga. Aliyebaki anabishana na chai."

Alicheka, akakohoa, akafuta mdomo kwa kiganja. Aliniambia Majimoto ni pazuri, wajukuu wana kelele nzuri, lakini kila mtu pale ana mahali pake pa kukaa tangu zamani. Daktari amesema jicho moja linaweza kusafishwa, la pili basi. Kisha akauliza, "Wateja wananiulizia?"

"Wanakuulizia sana."

"Unawaambia nini?"

"Kwamba umepumzika, mzee. Kwa sababu ya macho."

Vidole vyake vilikuwa vinazungusha kofia.

"Usiwaambie hivyo. Waambie niliondoka mwenyewe."

"Sawa, mzee."

"Kwa sababu niliondoka mwenyewe. Yule mama mwenye mgahawa hakuniondoa. Nilikuwa ukumbini nikawasikia mnaongea stoo. Mabanzi yale hayazuii kitu."

Nilihisi joto la jiko usoni ingawa hapakuwa na jiko. "Basi ulinisikia nikikataa," nilisema. "Nilikataa, mzee. Nilimwambia kazi ni yako."

"Nilisikia. Ulikataa kama mgeni anayekataa kuongezewa wali."

"Siyo hivyo."

"'Hapana mama, hapana mama,' na sahani umeisogeza." Aliigiza sauti yangu vizuri kiasi kwamba mama yangu, aliyekuwa upande wa pili, akacheka. "Mtu aliyekataa kweli hasemi atafikiria."

Nilitaka kumweleza. Nilikuwa na maelezo marefu, jinsi nilivyoanza kusalimia watu kwa ajili yake, jinsi nilivyokuwa silali nikikosea majina. Nilifungua mdomo nikajisikia nikitafuta maneno yasiyo na kasoro, nikaufunga. Nilikuwa nimeitaka kazi ile. Sijui tangu lini, labda tangu asubuhi ile watu walipoanza kuniangalia nami nikainua kidevu. Nilitaka abaki, na nilitaka mahali pake, na vyote viwili vilikuwa kweli kwa wakati mmoja.

"Niliitaka, mzee," nikasema.

"Najua. Ungesema tu. Ningekupa, na ningekaakaa pale nikikusema makosa."

"Bado unaweza kuja."

"Majimoto ni mbali." Akavaa kofia. "Na sasa ungenionea huruma, ungenitafutia benchi zuri. Sitaki."

Muuguzi aliita jina lake, jina kamili ambalo sikuwahi kulisikia. Aliinuka mwenyewe, akagusa ukuta, akaufuata mpaka kwenye mlango wa daktari. Sikumshika mkono. Mama aliniuliza huyo ni nani, nikamwambia ni mtu aliyenifundisha kazi.

Tangu siku hiyo anayeniuliza namwambia mzee aliondoka mwenyewe. Na mtu akinipa kitu ninachokitaka, napokea mara ya kwanza.